SOMO LETU: KUUZA NYUMBA WAKATI SOKO LIMELALA



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linalosumbua familia nyingi za hapa kwetu, kuanzia Mkomani na Langoni hadi Shela, Matondoni, Faza na kule bara: nyumba iko, inatakikana iuzwe, na mnunuzi haonekani. Miezi inapita. Kibandiko cha "Nyumba inauzwa" kinapauka kwa jua. Kila dalali akija anapunguza bei, na watu wa nyumbani wanaanza kutazamana vibaya.

Lengo la somo ni kwamba, tukimaliza, kila mmoja wetu au kila kikundi kiweze: (a) kujua kwa nini soko linalala, (b) kujua kama ni lazima kuuza, (c) kutayarisha nyumba, karatasi na bei, (d) kutafuta mnunuzi bila kuingia mtegoni.

1. KWA NINI SOKO LINALALA LAMU?

Nyumba za mji wetu si kama za Mombasa au Nairobi. Wanunuzi wake ni wachache hata siku njema. Wako wenyeji, wako watoto wa Lamu wanaofanya kazi Mombasa au Arabuni, na tangu miaka ya 1970 wako wageni wa Ulaya walionunua nyumba za kale Mkomani na Shela. Mji wa kale uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Sifa ikaenea, bei zikapanda.

Lakini soko lililosimama juu ya wageni huanguka na wageni. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na serikali za nje zikawaonya watu wao wasije. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, watu wengi wakauawa, na amri ya kutotoka usiku ikawekwa. Machi 2020 ukaja ugonjwa wa korona, ndege zikasimama. Kila mara ilikuwa vilevile: hoteli tupu, vijana wa mashua wamekaa, nyumba za kuuzwa zimejaa na wa kununua hayupo.

Upande wa pili iko ndoto ya bandari. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Hapo katikati watu wengi waliambiwa, "Usiuze, ngoja, bei itakuwa mara kumi." Wengine wangali wanangoja. Kwa hiyo kuna makosa mawili: kuuza kwa hofu na kukataa kuuza kwa ndoto. Yote mawili hayana hesabu ndani yake.

2. JE, NI LAZIMA KUUZA?

Hili ndilo swali la kwanza, na mara nyingi haliulizwi. Watu wa Lamu wa zamani walijenga nyumba ili binti apate mahali pa kukaa akiolewa. Ndiyo maana tunaona wikio juu ya vichochoro, nyumba ya mama imeungana na ya mtoto. Nyumba ikiuzwa, mara nyingi ni akina mama na mabinti wanaobaki bila pa kulala. Pesa hugawanywa wiki moja na kwisha mwaka mmoja.

Basi andikeni kwenye karatasi: tunauza kwa nini? Kama ni matibabu au karo, ni kiasi gani kinachohitajika, na lini? Mtu akihitaji sh. 200,000 si lazima auze nyumba ya mamilioni. Zipo njia nyingine:

- Kupangisha nyumba nzima au orofa moja, kwa mkataba ulioandikwa.
- Mrithi mmoja kununua fungu la mwenzake na kulipa kidogo kidogo, kwa maandishi na mashahidi.
- Familia au kikundi kumkopesha mwenye shida bila riba, alipwe kutokana na kodi ya nyumba.

Tuchukue mfano ili tuelewe. Nambari hizi ni za kufundishia tu. Baba wa Kiislamu amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mjane anapata thumuni, yaani fungu 1 katika 8. Yanayobaki 7 yanagawanywa kwa watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke: kila binti fungu 1, kila mwana mafungu 2. Jumla 8. Nyumba yao, kwa bei za nyumba zilizouzwa karibu, ina thamani ya sh. 4,000,000.

Dalali anakuja na mtu mwenye pesa taslimu: "Leo hii, 2,600,000." Wakikubali, kila fungu ni sh. 325,000. Mjane anaondoka na 325,000 na hana nyumba.

Sasa tuseme wamekataa. Wametumia 200,000 kurekebisha dari na choo, wamepangisha kwa 15,000 kwa mwezi, na baada ya miaka miwili wamepata mnunuzi wa 3,600,000. Kodi ya miaka miwili ni 360,000. Jumla 3,960,000, toa matengenezo, imebaki 3,760,000. Kila fungu ni sh. 470,000. Mjane na kila binti amepata 145,000 zaidi, na kila mwana 290,000 zaidi. Tena bei ya mwisho haikuwa ile ya 4,000,000 waliyoitamani! Waliteremka, lakini waliteremka kwa hiari yao.

Hatusemi kungoja ni kuzuri siku zote. Nyumba iliyofungwa haina kodi na inabomoka. Ikiwa hamna wa kuipangisha wala pesa ya kuitengeneza, kila masika inakula sehemu ya bei. Hapo kuuza mapema kwa bei ya wastani ni busara. La muhimu ni kupiga hesabu kwanza, wote mkiwa mmekaa, akina mama nao wakisema.

3. KARATASI KABLA YA RANGI

Wengi huanza kwa kupaka rangi. Tuanze na karatasi. Soko likiwa zuri mnunuzi huvumilia karatasi zenye matatizo. Likilala anaondoka, kwa sababu nyumba nyingine zipo. Nyumba yenye karatasi safi huuzwa mbele ya nyumba nzuri yenye kesi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Angalieni haya:

(a) Hati iko kwa jina la nani? Kama ni la babu aliyefariki, hakuna anayeweza kuuza mpaka mirathi ipite mahakamani. Kwa Waislamu ni mahakama ya Kadhi, kwa wengine ni mahakama za kawaida. Anzeni leo, msingoje mnunuzi. Mnunuzi hatangoja mwaka mzima.

(b) Ni wakfu? Nyumba ya wakfu haiuzwi. Ulizeni wazee na mtazame karatasi za zamani kabla ya kupokea hata shilingi moja.

(c) Warithi wote wamekubali? Yule aliyeko Mombasa au Maskati aandike wakala rasmi mbele ya wakili. Kusema kwa simu hakutoshi. Mrithi mmoja aliyeachwa nje anaweza kusimamisha mauzo yote.

(d) Mume au mke amekubali kwa maandishi? Nyumba ya ndoa haiuzwi kwa siri. Sheria za ardhi za mwaka 2012 na ile ya mali ya ndoa ya 2013 zinataka ridhaa ya mwenzi.

(e) Mnunuzi ni mgeni? Katiba ya 2010 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi milele; anapata umiliki wa muda usiozidi miaka 99. Akiahidiwa zaidi ya hapo, kuna mtu anadanganywa.

(f) Kwa wenzetu wa Mpeketoni, Hindi na Witu: shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu kuandikiana. Bila idhini, makubaliano hayana nguvu. Kama ni shamba la mradi wa makazi, maliza deni na upate hati kwanza. Kuuza barua ya mgao peke yake ni kujitafutia kesi.

Ujue pia kodi. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, kwa hiyo naye anapiga hesabu yake. Muuzaji hutozwa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, si ya bei yote. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza husamehewa. Muulize wakili au mhasibu mapema, usije ukashtuka mwisho.

4. KUTAYARISHA NYUMBA

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli sokoni kukiwa na watu. Soko likilala, hata kizuri lazima kitembezwe, na kwanza kioshwe.

Si lazima kutumia pesa nyingi. Mnunuzi wa nyumba ya kale ya Lamu anaogopa mambo matatu: dari kuanguka, maji kuvuja, na choo. Tengeneza hayo kwanza. Boriti ya mkoko iliyooza ibadilishwe. Mnunuzi akiona moja imeoza atahesabu kwamba zote zimeoza. Makuti yanayovuja yashonwe upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa utajenga ukuta kwa mawe yanayoletwa na punda, mzigo kwa mzigo.

Tumia chokaa, usitumie saruji, kwenye kuta za matumbawe. Ukuta wa kale unapumua. Saruji inafungia unyevu ndani, chumvi inatoka, plasta inabanduka. Utakuwa umetumia pesa kuharibu bei. Na kabla ya kubomoa au kuongeza chochote ndani ya mji wa kale, pita kwanza kwa watu wa uhifadhi na ofisi ya kaunti upate ruhusa. Jengo lisilo na ruhusa ni mzigo anaourithi mnunuzi, naye atalipunguzia bei.

Neno moja zito: usiuze mlango wa nakshi kando ili upate pesa ya haraka. Wako watu wanaozunguka wakiuliza milango, zidaka na viti vya kale. Mlango wa nakshi wa kale unalindwa kisheria, na nyumba iliyonyang'anywa mlango wake na plasta yake ya zidaka ni kama bibi harusi aliyevuliwa dhahabu. Utapata elfu kadhaa na kupoteza laki kadhaa.

Kisha ondoa vitu visivyotumika, fagia kiwanda, safisha birika, acha mwanga uingie. Nyumba tupu yenye popo na vumbi inasema, "Tumekata tamaa." Afadhali akae ndugu humo aiwashe taa.

5. BEI: ILIYOTAJWA SI ILIYOUZWA

Watu husema, "Ya jirani ni milioni nane." Uliza: ni milioni nane za kutajwa au za kuuzwa? Nyumba inaweza kutajwa milioni nane kwa miaka mitano na hiyo isiwe bei, ikawa ni hamu tu.

Tafuta nyumba tatu zilizouzwa kweli karibu nawe katika miaka miwili mitatu iliyopita. Waulize waliouza, waliouziwa, au mawakili. Linganisha ukubwa, hali, maji, umbali kutoka ufuoni, na karatasi. Ikiwezekana mlipe mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake huzima ugomvi wa warithi kabla haujawaka.

Halafu kubalianeni bei tatu na kuziandika: ya kutangaza, mnayoitarajia, na ambayo chini yake hamuuzi. Hii ya tatu iwe siri ya familia, dalali asiijue. Ikipita miezi sita bila mtu hata mmoja kuja kuona, kasoro huenda ni tangazo. Wakija wengi na wote waondoke bila kutaja pesa, kasoro ni bei au hali ya nyumba. Hiyo ndiyo njia ya kusoma soko. Kupunguza bei kila wiki kunamfundisha mnunuzi angoje wiki ijayo.

6. DALALI

Dalali mwema ni msaada mkubwa: anajua nani ana pesa na nani anapiga soga tu. Lakini sheria ya Kenya inataka mawakala wa nyumba wawe wamesajiliwa, kwa hiyo uliza.

Jihadhari na desturi hii: mwenye nyumba anasema, "Mimi nataka 3,500,000, ya juu ni yako." Anaona ameepuka ujira. Kumbe dalali wa kwanza anatangaza milioni 4, wa pili 4.5, wa tatu 5. Mnunuzi mmoja anasikia bei tatu za nyumba moja, anasema, "Hawa matapeli," anakwenda zake. Wewe umekaa unasema soko limelala, na kumbe nyumba yako ndiyo iliyolazwa.

Afadhali hivi: bei moja, dalali mmoja au wawili, ujira wa asilimia uliokubaliwa kwa maandishi, unalipwa pesa ikishaingia. Dalali asishike hati ya asili wala asipokee malipo ya nyumba.

7. KUTANGAZA NA KUONYESHA

Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: mahali, ukubwa kwa futi, orofa ngapi, vyumba, misana, maji, umeme, aina ya hati, bei. Sema ukweli kuhusu kasoro. Mnunuzi akiikuta mwenyewe anatafuta nyingine kumi.

Piga picha asubuhi, kwa simu nzuri: mlango, daka, kiwanda, ndani, zidaka, mandhari ya juu ya dari. Picha tupu ya ukuta haimvuti mtu.

Anza kuwaambia walio karibu: majirani, ndugu, watu wa msikitini na kanisani, baraza la Mkunguni. Jirani huwa mnunuzi mzuri, maana anataka nafasi ya mwanawe. Baadaye peleka kwa watoto wa Lamu walioko mbali. Kwenye vikundi vyao vya simu habari hufika siku hiyohiyo. Wageni wawe wa mwisho, si wa kwanza wala wa pekee.

Chagua majira. Masika, Aprili hadi Juni, hoteli kadhaa hufunga na kuta zinalia maji. Tumia miezi hiyo kuona panapovuja, utengeneze mvua ikikatika, utangaze Julai na tena kuelekea Desemba, wakati wa sherehe za mji, watu wa nje wanaporudi nyumbani.

Kuonyesha nyumba inayokaliwa kuna adabu yake. Weka siku na saa maalum. Watu wa nyumbani waambiwe mapema, na mwanamke wa familia ndiye aonyeshe ndani. Si kila apigaye hodi ni mnunuzi. Uliza jina, atokako na kazi yake, na usimpeleke mtu usiyemjua ukiwa peke yako.

8. SIKU YA PESA

Makubaliano ya ardhi lazima yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi mbele ya shahidi. Kila upande uwe na wakili wake. Kwa desturi mnunuzi hulipa asilimia 10 kwanza na nyingine wakati wa kuhamisha hati. Malipo yapite benki. Usisaini fomu ya kuhamisha "ili kuokoa muda" kabla mawakili hawajathibitisha malipo. Pesa ikiingia igawanywe kwa mafungu yaliyoandikwa, kila mrithi asaini amepokea, na mjane apewe fungu lake mkononi mwake, si kwa mwana "amtunzie".

Kabla ya siku hiyo familia ijue mama atakaa wapi. Hilo likikosa jibu, mauzo hayajaiva.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Piga hesabu ya kuuza leo na ya kupangisha kwanza.
- Karatasi kabla ya rangi.
- Chokaa, si saruji. Mlango usiguswe.
- Bei moja, ujira ulioandikwa.
- Fungu la kila mtu mkononi mwa mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika mtaa wetu, ni nyumba ngapi zimeuzwa kwa dhiki? Wenyewe wanakaa wapi leo?
2. Hati za nyumba zetu ziko kwa jina la nani? Nani kati yetu bado hajaanza mirathi, na anazuiwa na nini?
3. Kikundi chetu kingeweza kumsaidia vipi mwenzetu anayetaka kuuza kwa sababu ya bili ya hospitali?
4. Katika familia zetu, akina mama na mabinti huulizwa kabla ya kuuza, au huambiwa baadaye?
5. Kila mmoja achague jambo moja atakalofanya kabla ya mkutano ujao, na aje atueleze limefika wapi.